Kabla ya kununua lenzi ndefu, zijue saa za maji

Ndugu mleta mada, nimeusoma uzi wako mara mbili na kuzitazama kwa makini picha zote sita ulizoambatisha. Umeeleza kwamba una kamera ya mtumba yenye lenzi ya milimita 300, kwamba kwa miezi mitatu sasa umekuwa ukienda ufukweni kila mwisho wa juma, kwamba ndege huruka kabla hujawakaribia, na kwamba unarudi nyumbani na vidoa vyeusi juu ya mchanga uliotoka wa kijivu ilhali kwa macho yako ulikuwa mweupe. Kisha umeuliza kama ununue lenzi ya milimita 600, au uachane na wanyama wa pwani ubaki kupiga picha za machweo. Nitakujibu kwa yale niliyoyapata mwenyewe katika miaka tisa ya kupiga picha za pwani kwa kupenda tu, bila kulipwa na bila kusomea. Ushauri wangu ni kwamba usinunue lenzi hiyo kwa sasa, na machweo yaache yasubiri. Kwanza zijue saa za maji, kwa sababu sehemu kubwa ya shida uliyoieleza inatokana na kwenda ufukweni kwa saa ya kalenda yako badala ya saa ya bahari.

Nianze na hesabu, maana ndiyo iliyonifungua macho mimi. Ndege aliye umbali wa mita 20 mbele ya lenzi yako ya milimita 300, akifika mita 10, anakuwa mkubwa maradufu kwa urefu ndani ya picha na mara nne kwa eneo, sawasawa kabisa na vile ambavyo angeonekana kwa lenzi ya milimita 600 akiwa palepale mita 20. Kwa ukubwa, basi, mita kumi za subira zina thamani ya lenzi nzima. Kwa ubora zina thamani zaidi, kwa kuwa kati yako na ndege kuna hewa, na hewa ya ufukweni jua likishapanda huwa haitulii. Mchanga na tope hupata joto, hewa iliyogusana nazo hupanda, na mwanga unaopita humo hupindapinda njiani. Itazame tena picha yako ya tatu: mchanga ulio karibu nawe uko sawa, lakini miguu ya ndege inaonekana kama inatetemeka na ncha ya mdomo imeyeyuka. Mkono wako haukutikisika, wala kamera haikukosea kulenga. Hiyo ni hewa ya saa tano asubuhi, na lenzi ya milimita 600 ingekukuzia mtetemeko huohuo mara mbili. Nasema hivi kwa uchungu kidogo, kwa sababu mimi lenzi ndefu niliinunua katika mwaka wa pili, na kwa mwaka mzima uliofuata nilichopata ni migongo ya ndege wanaokimbia, mikubwa kuliko zamani.

Sasa maji. Katika pwani nyingi bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili katika muda wa takriban saa 24 na dakika 50, yaani kutoka maji kujaa hadi kujaa tena ni kama saa 12 na dakika 25. Dakika hizo 50 za ziada ndizo zinazowachanganya watu wengi, kwa kuwa kila siku maji huchelewa kwa kiasi hicho kuliko jana yake. Ukienda Jumamosi hii saa kumi na mbili asubuhi ukakuta maji yamekupwa na ndege wamejaa, kisha ukarudi Jumamosi ijayo saa ileile, utakuta maji yamejaa hadi juu na ufukwe umebaki mtupu. Utasema ndege wamehama. Hawajahama, ni wewe uliyefika wakati meza yao imefunikwa. Baada ya wiki mbili mpangilio hurudi karibu palepale ulipokuwa. Ndiyo maana nilipoona umeandika kwamba wiki moja huwa nzuri na inayofuata huwa mbaya, nilijua mara moja ulikuwa unapimana nguvu na mwezi bila kujua.

Mwezi mpya na mwezi mpevu huleta bamvua, ambapo maji hujaa sana na kupwa sana, kwa kawaida siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Na mwezi unapokuwa nusu huja maji mafu, ambapo tofauti kati ya kujaa na kupwa huwa ndogo. Jambo ambalo sikuambiwa na mtu yeyote, nililigundua katika daftari langu mwenyewe, ni kwamba katika ufukwe mmoja bamvua hupwa kabisa karibu saa zilezile mwaka mzima. Kama kwako bamvua hupwa asubuhi na mapema, umebahatika, kwa sababu utapata miamba na matope yaliyo wazi kabisa pamoja na mwanga laini. Kama hupwa saa sita mchana, itakubidi utumie zaidi siku zilizo katikati, ambapo maji yanakuwa yanapanda asubuhi. Pata jedwali la maji la pwani yako, lilinganishe na saa za jua kuchomoza, uweke alama katika siku ambazo vitu hivyo viwili vinakutana. Katika mwezi mmoja utapata siku chache tu zilizo nzuri kabisa, na siku hizo chache zitakupa zaidi ya miezi mitatu ya kwenda kila mwisho wa juma.

Na ndani ya siku hiyo, usiende maji yakiwa yamekupwa kabisa. Hilo ndilo kosa nililolishikilia kwa muda mrefu kuliko yote. Maji yakiwa chini, ndege wa ufukweni hutawanyika juu ya eneo kubwa mno la tope, kila mmoja na kipande chake, nawe unabaki kuwafuata huku na huko. Nenda wakati maji yameanza kurudi. Chagua mahali ambapo tope litakuwa la mwisho kufunikwa, kaa hapo kabla ndege hawajafika, unyamaze, uiachie bahari kazi ya kuwasogeza. Kila inavyopanda, sehemu ya kula inazidi kuwa nyembamba, na ndege walewale waliokuwa wakikukimbia mita 60 wanakujia wenyewe kwa miguu yao, kwa kuwa sasa kinachowasukuma ni maji yaliyo nyuma yao, nao hawamwogopi mtu ambaye walimkuta ameketi.

Mara ya kwanza nilipofanya hivyo nilikuwa nimelala kifudifudi kando ya mkondo mdogo, viwiko vikiwa ndani ya tope, kamera juu ya mfuko wa kitambaa nilioujaza mchanga. Kundi la vitwitwi, ndege wadogo wa ufukweni, kama thelathini lilikuwa mbali, likikimbia mbele ya ukingo wa maji na kurudi, na kila baada ya dakika chache ukingo ule ulisogea hatua moja kuja kwangu. Baada ya dakika arobaini hivi wa kwanza alipita umbali ambao lenzi yangu haikuweza tena kumlenga kwa ukaribu. Nikaiacha kamera nikatazama. Nilisikia sauti ya mdomo wake ukiingia topeni, kama mtu anayechovya kidole katika uji mzito, na nikaona jinsi anavyouacha humo kwa muda mfupi kana kwamba anasikiliza, kisha anavuta mnyoo mwembamba polepole ili usikatike. Ukifika tu ukingoni mwa tope ule mnyoo ulijifungasha kwenye mdomo wake, naye akakimbia nao hadi kwenye maji, akausuuza, akaumeza. Nilikuwa nimepiga picha za ndege hao kwa miaka miwili na sikuwahi kujua kwamba husuuza chakula chao.

Kuhusu kulala chini, naona picha zako zote sita umezipiga ukiwa umesimama. Ukisimama, nyuma ya ndege pana mchanga tu ulio karibu naye, kwa hiyo kila kijiti na kila gome la konokono nalo linaonekana wazi na kushindana naye. Ukishuka hadi lenzi iwe usawa wa jicho lake, nyuma yake panakuwa mbali sana, pengine mita mia mbili, na umbali huo huyeyuka ukawa rangi tupu ya maji au ya mikoko. Hakuna programu ya kompyuta itakayokupa hali hiyo vizuri kama kifua chako kikiwa mchangani. Zaidi ya hapo, mtu aliyesimama ana umbo ambalo wanyama wote wa pwani wanalijua na kuliogopa. Ikiwa ni lazima usogee, sogea ukiwa chini, kwa upande kama mtu anayepita njia yake, usimwendee ndege moja kwa moja wala kumkodolea macho, na usimame kila anapoinua kichwa. Ndege hukwambia mapema kwamba umemsumbua: kwanza huacha kula, kisha hujinyoosha akawa mwembamba, kisha huanza kutembea akikupa mgongo. Kuruka ni hatua ya mwisho. Ukiona ya kwanza, tulia palepale hadi aanze kula tena. Ukiona ya pili, rudi nyuma.

Hili la kusumbua naomba ulichukulie kwa uzito. Wengi wa ndege hawa ni wasafiri. Mwaka 2022 ndege mmoja wa jamii ya ndege wa matopeni wenye mdomo mrefu, kinda wa miezi mitano tu aliyefungwa kifaa cha satelaiti, aliruka kutoka Alaska hadi Tasmania bila kutua, kilomita 13,560 kwa siku 11. Safari kama hiyo huendeshwa kwa mafuta ya mwilini, na mafuta hayo hukusanywa mnyoo mmoja baada ya mwingine katika matope kama hayo unayoyakanyaga wewe na mimi. Maji yanapojaa kabisa, ndege hukusanyika juu ya fungu la mchanga au miamba iliyobaki, wakilala kwa mguu mmoja wakisubiri. Hiyo ni saa yao ya kupumzika, na ingawa kundi la mamia likiruka kwa pamoja hutoa picha ya kuvutia, ukilirusha kwa makusudi umewanyang'anya akiba ambayo hawana namna ya kuirudisha siku hiyo. Nimewahi kumwona mpiga picha akikimbia kuelekea kundi la aina hiyo huku akipiga makofi. Picha yake ilipendwa sana na watu. Mimi sikuweza kuipenda.

Sasa nije kwenye mchanga wako wa kijivu, kwa sababu dawa yake ni nyepesi. Kamera hupima mwanga kwa kudhani kwamba kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, kina wastani wa rangi ya kijivu. Ukiielekeza kwenye mchanga mweupe unaong'aa, huona mwanga umezidi, hupunguza, na matokeo yake ni mchanga wa kijivu na ndege aliyegeuka kivuli. Tafuta kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa, uongeze theluthi mbili ya hatua au hatua nzima (hatua moja ni mwanga maradufu). Ukimpata yangeyange mweupe mbele ya maji meusi, fanya kinyume, punguza kiasi hichohicho, kwa sababu hapo kamera itaona giza, itaongeza, na manyoya yake yatageuka karatasi tupu isiyo na unyoya hata mmoja. Weupe ukishaungua haurudishwi. Tazama histogramu, yaani ile chati ya kamera inayoonyesha mgawanyo wa giza na mwanga katika picha, kila mwanga unapobadilika, si kila baada ya picha, maana ukiwa unatazama kioo cha kamera ndipo jambo ulilolisubiri saa nzima linapotokea.

Kasi ya shata, yaani muda ambao kamera inafunguka kupokea mwanga, nakushauri isishuke chini ya 1/1000 ya sekunde kwa ndege anayekula, na ifike 1/2000 au zaidi kwa membe anayejitupa majini. Tundu la lenzi liache kati ya f/5.6 na f/8, na ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, iache ipande yenyewe hata kama italeta chembechembe kwenye picha. Watu huziogopa chembechembe kupita kiasi. Picha yenye chembechembe bado ni picha, lakini jicho lililofifia kwa mwendo halina tiba. Lenga jicho, hata kama sehemu nyingine ya mwili itafifia. Hifadhi faili ghafi (RAW), yaani picha ambayo kamera haijaichakata, iwapo kamera yako inaruhusu, na nyumbani usizidishe rangi. Upeo wa bahari uwe umenyooka.

Umesema pia kwamba siku ambazo hakuna ndege unaona umepoteza muda. Hapo sikubaliani nawe hata kidogo, na naomba unipe nafasi nieleze, kwa kuwa picha ninazozipenda kuliko zote sikuzipiga angani wala topeni. Nilizipiga magotini, karibu na matundu ya kaa.

Kaa wa mchangani, yule wa rangi ya mchanga mwenye macho yaliyosimama juu ya vijiti, huona pande zote kwa mara moja na husikia mtikisiko wa hatua zako kupitia ardhi kabla hujafika. Ukimkimbilia, unaona tundu tu. Lakini ukiketi mita mbili kutoka kwenye tundu lenye mchanga mbichi mlangoni, ambao ndio dalili kwamba mwenyewe yumo na anafanya kazi, ukalenga kamera mapema na ukabaki na kidole kwenye kitufe bila kujigusa uso wala kusogeza mguu, atatoka. Asubuhi moja nilimsubiri mmoja kwa dakika kumi na moja. Yalitangulia macho mawili, yakasimama mlangoni kwa muda. Likafuata gando kubwa, maana moja huwa kubwa kuliko jingine, limekumbatia bumba la mchanga kama mtu aliyebeba kuni kifuani. Alitoka hatua tatu, akalitupa bumba lile kwa mkupuo uliorusha chembe hadi kwenye lenzi yangu, akasimama. Kisha akalilaza jicho moja ndani ya mfuo wake, akaliinua tena likiwa halina mchanga, akalilaza la pili. Katika picha niliyoipata unaweza kuona, ndani ya jicho lililosimama, doa jeusi juu ya mstari mwangavu. Doa hilo ni mimi niliyelala, na mstari ni bahari iliyo nyuma yangu. Ilipigwa kwa lenzi ya milimita 100 niliyoazimwa na rafiki, na hata ile ya kwako ya 300 ingetosha kabisa.

Kwenye mikoko utakuta kaa wadogo ambao dume lao lina gando moja kubwa ajabu, analolipunga juu na chini kuwaita majike na kuwaonya madume wenzake. Kila spishi ina namna yake ya kupunga. Hapo hapo kuna samaki wa matopeni wanaotembea juu ya mapezi na kupumua kupitia ngozi na kinywa maadamu wana unyevu. Utawaona wakijilaza ubavu ndani ya maji kidogo ili wajiloweshe. Kwenye miamba, madimbwi yanayobaki maji yakipwa yana viti vya pweza, mwani, konokono na samaki wadogo waliobanwa humo hadi maji yarudi. Shida ya dimbwi ni mng'ao wa anga juu ya maji. Kichujio cha polaraizi, kioo cha kuzungusha kinachofungwa mbele ya lenzi, huuondoa, lakini si kwa kila pembe: kwa maji hufanya kazi vizuri zaidi unapotazama kwa takriban digrii 53 kutoka wima, kwa hiyo usisimame juu ya dimbwi ukitazama chini moja kwa moja, rudi nyuma kidogo, uzungushe kichujio polepole hadi uone sakafu ya dimbwi imefunguka. Usipokuwa nacho, kivuli cha mwavuli mweusi kinasaidia sana. Hapa hata simu inatosha. Jiwe ukiligeuza, lirudishe lilivyokuwa, upande uleule juu, kwa sababu walio chini yake hawastahimili jua na walio juu yake hawastahimili giza. Konokono fulani wa mwambani, wale wenye gome kama kofia, hutoka kula na kurudi kila mmoja kwenye alama yake mwenyewe juu ya jiwe, alama inayolingana kabisa na ukingo wa gome lake. Ukimbandua umemharibia makazi.

Ikiwa ufukwe wako ni wa kasa kutagia, usiku usipeleke tochi nyeupe wala mmweko. Vitoto vya kasa hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni upeo wa bahari, na taa yako huwapoteza njia.

Wakati mwingine nikichoka kusubiri huwakumbuka waliotutangulia. Mwaka 1843 Anna Atkins, mwanamke wa Uingereza, aliulaza mwani juu ya karatasi iliyopakwa dawa, akaiweka juani, na kupata picha za buluu za mwani zenye kila kijitawi, bila kamera wala lenzi. Ndugu wawili Richard na Cherry Kearton, ambao mwaka 1892 walipiga picha ya kiota cha ndege chenye mayai wakati kazi hiyo ilikuwa bado haijafanywa na wengi, walifika mahali pa kutumia ngozi ya ng'ombe iliyotengenezwa iwe na uwazi ndani, mpiga picha akaingia tumboni mwake na kusubiri ndege wamzoee. Wewe na mimi tunahitaji tu nguo za rangi ya mchanga na moyo wa kutulia.

Kuhusu usalama wako na wa vifaa, nitasema yale yaliyonipata. Maji hayapandi kwa kasi moja. Saa ya kwanza baada ya kupwa hupanda kidogo, na takriban nusu ya maji yote hurudi katika saa mbili za katikati. Mimi nilikuwa juu ya fungu la mchanga nikimpiga picha sululu, yule mwenye mdomo mrefu uliopinda chini, nikayaona maji mbele yangu bado yako mbali na nikajiona niko salama, bila kujua kwamba mkondo uliokuwa nyuma yangu, ulio chini zaidi, umeshajaa. Nilivuka maji yakiwa kifuani, mkoba nimeuinua kichwani, miguu ikitafuta chini. Tangu siku hiyo hutazama nyuma kila baada ya dakika kumi, huweka kengele ya simu saa ya kuondoka, na siendi kwenye mafungu peke yangu siku za bamvua.

Chumvi nayo huharibu kimyakimya. Usibadilishe lenzi ufukweni. Usifute kioo kikavu chenye mchanga, kwa sababu utakikwaruza. Puliza kwanza kwa kipulizio cha mpira. Ukirudi, pangusa mwili wa kamera na pete za lenzi kwa kitambaa kilicholoweshwa maji yasiyo na chumvi na kukamuliwa, kisha kikavu. Lenzi yangu ya kwanza iliganda pete ya kuvuta baada ya mwaka mmoja wa kuacha kazi hiyo hadi kesho. Ukitoka chumba chenye kiyoyozi, iache kamera ndani ya mfuko uliofungwa hadi ipate joto la nje, vinginevyo itajaa ukungu wakati mwanga mzuri unakupita.

Mwisho kabisa, siku ambazo huwezi kufika pwani, fanya mazoezi na walio karibu: kunguru ukutani, mjusi dirishani, buibui mwenye umande juu ya utando wake, nyuki kwenye ua la mtango. Kunguru ni mwalimu mzuri kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu ni mweusi, ana akili na hakubali kutazamwa. Ukiweza kuyaonyesha manyoya ya kunguru moja moja katika picha bila kulichoma anga lililo nyuma yake, yangeyange hatakushinda. Na uwe na daftari. Andika tarehe, saa, hali ya maji, upepo, na ulichokiona hata kama hukukipiga picha. Spishi usizozijua zipeleke kwenye tovuti ya iNaturalist, iliyoanza mwaka 2008, ambako watu wengine watakusaidia kuzitambua. Za ndege unaweza pia kuziweka kwenye tovuti ya eBird. Ukipiga ndege mwenye pete za rangi miguuni, ipige miguu hiyo hata kama picha si nzuri, kwa sababu mpangilio wa rangi humtambulisha ndege huyo mmoja. Kiota usikitangaze mahali kilipo.

Kwa hiyo fedha ya lenzi iweke kando kwa miezi sita. Chagua kipande kimoja cha ufukwe kisichozidi nusu kilomita, usikiache. Safari yako ijayo, fika muda wa saa mbili na nusu kabla ya maji kujaa, lala chini mahali pamoja, usiondoke hadi maji yakuguse. Ukirudi, weka hapa picha tatu, hata zile unazoona zimeharibika, pamoja na saa uliyopiga na saa ambayo maji yalijaa siku hiyo, nami nitazitazama moja baada ya nyingine.